Majibu ya Shingo Yangu

Niseme mapema kwamba nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Ni ule wa kukaa miezi kwenye kiti cha plastiki ukiangalia mlango. Ningependa ninyamaze nishone kanzu zangu, lakini tangu watu wa hapa mtaani kwetu Rwezamenyo wasikie kwamba nimepona, wamekuwa wakija dukani na simu mkononi, na si kushonewa. Wanauliza: "Swedi, hospitali imenitumia hii. Nifungue au nisifungue?" Wiki iliyopita walikuja watatu, mmoja akiwa na simu ya mkwe wake. Nimeona heri niandike mara moja, anayetaka asome, mimi niendelee na kazi.

Ni fundi wa kanzu, nina miaka sitini na moja. Babu yangu alikuja huku na vitambaa kutoka pwani, akaoa, akabaki, nasi tukarithi mkasi. Mke wangu, Mwamini, alifariki miaka sita iliyopita, akaniachia binti mmoja, Zulfa. Zulfa anafanya kazi ya ofisi, anakaa mlimani, mtaa wa Rebero, na mumewe na watoto wawili, wa pili akiwa bado wa kunyonya wakati haya yanatokea. Dukani nashirikiana na Esperance, anayeshona nguo za wanawake na asiyejua kunyamaza.

Ugonjwa niliukuta kwa futi ya kupimia. Fundi huivaa shingoni asubuhi mpaka jioni, hata akisahau kiatu hasahau futi. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, kanzu za Idi zimejaa mezani, na kila nikiivuta futi inakwama mahali pamoja, chini ya sikio la kushoto. Nikajipima. Kola yangu ni inchi kumi na tano na nusu tangu kanzu ya harusi yangu. Siku ile ilikuja kumi na sita na robo. Fundi anajua maana ya robo tatu ya inchi, hata akijifanya hajui.

Nikajifanya sijui. Watu wanataka kanzu zao.

"Fundi, hii shingo iko inavimba," Esperance akasema. "Huoni?"

"Naona."

"Na unafanya nini?"

"Nashona."

"Endelea, sha. Ukimaliza ya wateja, jishonee na sanda."

Idi ikapita, masika yakashuka, na kola ikawa kumi na saba. Zulfa akaja na gari la mumewe, akanipeleka hospitali kubwa moja ya hapa mjini bila kuniuliza. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Msichana wa mapokezi alitaka namba ya simu na imeli. "Muzehe, majibu itakuja kwa akaunti yako. Hatutoe tena karatasi. Ikifika, simu inapiga ngri, unafungua, unaona yote."

Nikamnyooshea kidole Zulfa. "Andika za huyu. Mambo ya simu ni yake."

Nilijiona mjanja. Nani wa umri wangu hapa mjini hafanyi hivyo? Ukienda benki unatoa namba ya mtoto, ukienda serikalini unatoa namba ya mtoto. Mtoto amesoma, acha asumbuke yeye. Zulfa akafungua akaunti palepale amesimama, akachagua neno la siri, akanionyesha kwa kiburi kidogo jinsi jina langu lilivyotokea juu. Mimi nikaangalia kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu wasiomhusu.

Wakanikata kipande kidogo cha nyama shingoni, wakakipeleka kupimwa. Muganga, ndivyo tunavyomwita daktari hapa, akasema nisubiri kama wiki mbili.

Sijui nani aliyesema kusubiri hakuumi. Nilikaa dukani mvua ikipiga bati, nikikata vitambaa, na kila siku baada ya swala ya alasiri nampigia Zulfa. "Yamekuja?"

"Bado, Baba."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia, Baba. Bado."

Sauti yake ilibadilika siku fulani katikati, ikawa laini mno. Na mambo mengine yakaanza. Mkwe wangu, ambaye kwa kawaida hunisalimia kwa kuinua nyusi, alinitumia mkungu mzima wa ndizi. Zulfa alininunulia blanketi. Akaja Jumamosi kunipikia, akasafisha na madirisha. Ningekuwa na akili ningejua hapohapo. Madirisha yangu hayajasafishwa tangu mama yake afariki.

Jumatatu moja akanipigia. "Baba, njoo kula Rebero. Baba mkubwa Ramadhani amefika."

Ramadhani ni kaka yangu, anakaa mji wa Rubavu kando ya ziwa, ana miaka sabini na goti bovu. Nilipofika alikuwa sebuleni na mfuko wa sambaza wakavu aliokuja nao, wale dagaa wa ziwa Kivu ninaowapenda. Mtu wa Rubavu mwenye goti bovu hapandi basi Jumatatu, si Idi, si msiba, kuniletea sambaza. Nikakaa. Chakula kikaja, tukala, hakuna aliyeongea ila mtoto mkubwa. Kila nikimaliza, Zulfa ananiongezea.

Hapa nieleze kwa wasiotujua. Kwetu habari nzito haitumwi kwa simu. Inabebwa. Anaibeba mkubwa, anakuja mwenyewe na miguu yake, na mhusika analishwa kwanza, maana akishaambiwa hatakula tena siku hiyo. Mtoto hamwambii baba yake habari ya kifo chake. Ni adabu, na mimi mwenyewe nimewahi kuibeba mara nyingi kwenye nyumba za watu, nimekula wali wa watu nikiwa na msiba wao mfukoni.

Ramadhani akaanza na habari za babu. Akaingia kwa Nabii Ayubu na subira yake.

"Ramadhani," nikasema, "nimeshiba. Mimi nakufa au sifi?"

Zulfa akaweka upawa chini, akaanza kulia. Ramadhani akataja jina la ugonjwa. Ni saratani ya tezi. Akasema wamesoma kwamba inatibika ikiwahiwa, akasema na mengine, sikuyasikia.

"Majibu yalikuja lini?" nikauliza.

Ramadhani akaanza kukunja mdomo wa mfuko wa sambaza.

"Lini?"

"Alhamisi," Zulfa akasema. "Si hii. Ile nyingine."

Siku kumi na moja. Nikahesabu kwa vidole mbele yao kama mtoto wa chekechea. Ramadhani akasema kosa ni lake, malaria ilimlaza, yeye ndiye aliyemwambia asubiri mpaka aweze kusafiri. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mwanangu. Siku kumi na moja nilimpigia, akanijibu bado. Mkwe alijua. Ramadhani alijua. Aliyesafishiwa madirisha peke yake ndiye hakujua. Niliona aibu kabla ya kuona hofu. Nilikuwa wa mwisho kusikia habari ya shingo yangu mwenyewe.

Nikasimama, nikatoka bila kunawa. Zulfa alinifuata mpaka getini. "Baba, mbabarira, nisamehe. Baba, panda hata pikipiki, mvua inanyesha." Nikateremka Rebero kwa miguu, na mvua yote ile, mafuta ya sambaza vidoleni.

Kesho yake nikaenda hospitali peke yangu. Msichana wa mapokezi, yuleyule, akaangalia kompyuta yake muda mrefu.

"Muzehe, ulikuwa na randevu Alhamisi iliyopita. Ya kuanza matibabu. Haukukuja."

"Nani aliniambia?"

"Ujumbe iko ndani ya akaunti. Sehemu ya ujumbe, siyo sehemu ya majibu. Tulituma Jumatatu ile." Akageuza kioo nione. "Hakuna mtu amefungua."

Muganga alikuwa amesafiri. Nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya wiki tatu. Wiki tatu, na kola ilikuwa imefika kumi na saba na nusu. Nilimpigia Zulfa nikiwa bado mlangoni pa hospitali, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, maana anaweza kusoma. Nikamwambia alete neno la siri. Alilileta dukani siku hiyohiyo, nyuma ya karatasi ya risiti, akamkabidhi Esperance kwa sababu mimi sikuinua macho kutoka kwenye mashine.

Nilipolisoma niliona ni Mwamini, na namba ya nyumba yetu. Nikakaa na karatasi ile.

"Badilisha sasa," Esperance akasema. "Weka jina lingine. Ikue yako peke yako."

"Nitabadilisha."

Nikanunua simu ya kugusa. Esperance akanifundisha, akinipiga kofi la mkono kila nikibonyeza vibaya. Tukaondoa namba ya Zulfa, tukaweka yangu. Neno la siri sikulibadilisha. Nilimwambia sijui pa kubonyeza.

Dripu ya kwanza niliipata baada ya Idi ya kuchinja, masika yamekwisha, vumbi limeanza. Nilipangiwa sita, moja kila baada ya wiki tatu. Tangu hapo sikuhesabu tena miezi, nilihesabu dripu. Ukumbi una viti vinane vinavyolala, na nje yake ni ukorido mrefu wa kusubiria wenye mabenchi pande zote mbili. Mimi nilikaa benchi la mbele, karibu na mlango. Zulfa alikuja, kila mara alikuja, akaomba ruhusa ofisini, akakaa benchi la mwisho kabisa, pale upepo unapoingilia. Hakusogea, na mimi sikumwita. Watu walidhani ni mgonjwa mwingine.

Dawa moja ni nyekundu kama juisi ya yale matunda ya binyomoro. Niwaambie mlio nyuma yangu, maana mimi hakuna aliyeniambia: mkojo nao utakuwa mwekundu. Nilisimama chooni kwangu nikatoa shahada. Kumbe ni dawa inatoka tu.

Baada ya dripu ya pili nywele ziliondoka, kisha ndevu, kisha nyusi. Nyusi ndizo zilizoniumiza. Mdomo ukawa vidonda, nikala uji na parachichi. Harufu ya wanga wa kunyooshea kola, ambayo nimeinusa tangu utoto, ikawa inanitapisha. Na vidole vikafa ganzi. Hilo lilikuwa baya kuliko nyusi. Nilishika sindano na uzi, macho yanaona, vidole havijui kama vimeshika kitu. Siku moja nilijaribu kutunga uzi mpaka jua likahama mezani, nikaitupa sindano ukutani.

Esperance, asiyejua kunyamaza, hakusema neno. Kesho yake nilikuta mezani kimto chenye sindano kumi, zote zimetungwa uzi mweupe. Kila asubuhi mpaka dripu ya sita nilizikuta kumi. Jioni anazichukua, anazitunga upya.

Sasa habari ya akaunti, maana ndiyo mnayoniuliza. Kabla ya kila dripu unatolewa damu, na majibu yanaingia kwenye simu kabla hujaonana na muganga. Namba zilizo sawa ni nyeusi, zisizo sawa ni nyekundu. Kabla ya dripu ya tatu niliona nyekundu nne, Ijumaa jioni. Jumamosi sikula. Jumapili nilipanga mirathi, mashine ipi ya nani. Jumatatu nesi akacheka, lakini kwa upole. "Muzehe, hiyo ni dawa inafanya hivyo. Tulikuwa tunaitarajia." Kwa hiyo msisome Ijumaa kitu ambacho wa kukielezea yupo Jumatatu. Nimeulipia ushauri huu kwa siku mbili za mirathi.

Dripu ya tatu ndiyo iliyonikuta nimechoka kuliko zote. Inachukua saa nne au tano, kwenye kiti jirani alikuwepo mwalimu mmoja aliyezoea kulala, hakuna wa kuongea naye. Nikatoa simu, nikaanza kubonyeza hapa na pale kama mtu anayechambua mchele. Nikaingia kwenye majibu ya zamani. Nikafika kwenye ile ripoti ya kwanza, ya nyama ya shingoni. Chini yake kuna alama ndogo ya jicho ambayo sikuwahi kuigusa. Nikaigusa.

Ikatoka orodha. Ripoti hii imefunguliwa tarehe fulani, saa fulani. Chini yake nyingine. Chini yake nyingine. Nikateremsha kwa kidole kisichohisi, orodha haiishi. Nilifikiri simu imekwama. Nikarudi juu, nikahesabu polepole. Kabla ya ile Jumatatu ya sambaza, ilikuwa imefunguliwa mara arobaini na tatu.

Nikaanza kuzitambua saa zenyewe. Saa kumi na moja alfajiri, karibu kila siku, wakati anaponyonyesha. Saa saba mchana, mapumziko ya ofisini. Saa moja na dakika tano na saa moja na dakika tisa asubuhi, ndani ya gari, bila shaka. Ile Jumamosi aliyonisafishia madirisha, mara sita. Sita, akiwa ndani ya nyumba yangu, na kitambaa mkononi.

Na kila alasiri, kuna moja. Kumi kasorobo, kumi kasoro dakika kumi. Nikatafuta kwenye simu yangu ya zamani, ile ya vitufe, ambayo bado ninayo mfukoni. Ni dakika moja au mbili baada ya kila simu yangu. Mimi namuuliza yamekuja, yeye ananijibu bado, anakata, anafungua tena.

Nikagusa ile sehemu ya ujumbe. Ujumbe wa randevu umefunguliwa mara moja, siku niliyompigia nikiwa mlangoni pa hospitali. Mwanangu hakuwa ameficha randevu. Hakuwa na macho ya kuona kitu kingine chochote.

Nililia. Sina cha kupamba. Nililia mpaka mwalimu akaamka. Nesi akaja mbio akashika mkono wenye sindano. "Muzehe, inauma?"

"Hapana," nikasema. Kisha nikasema ndiyo.

Na nilimkumbuka Mwamini. Alipokata roho, mimi ndiye niliyempigia Zulfa. Mimi, fundi wa adabu, mbeba misiba ya watu. Sikutuma mtu, sikusubiri afike nyumbani. Nilimwambia kwa simu, maneno manne makavu: "Zulfa, mama yako amekufa." Alikuwa kituo cha mabasi mjini. Aliangukia palepale, watu wasiomjua wakambeba. Hatukuwahi kulizungumza. Nilidhani amelisahau, kwa kuwa mimi nilitaka alisahau.

Dripu ilipokwisha nilitoka ukoridoni nikishika ukuta. Alikuwa benchi la mwisho, amejifunga shuka ya mtoto mabegani. Nikaenda mpaka pale, jambo lililonichukua muda, nikakaa.

"Huku kuna baridi," nikasema.

"Nimezoea, Baba."

"Umefungua mara arobaini na tatu."

Akageuka. Uso wake haukuwa na mahali pa kujificha. "Wanaonyesha?"

"Kuna jicho dogo pale chini."

Akaivuta ile shuka mabegani. Halafu akasema, "Nilikuwa naangalia kama wamebadilisha. Watu wanakosea majina, Baba. Kila mara nilikuwa nasoma jina kwanza. Nikasema labda iko Swedi mwingine."

"Nilikukosea siku ya mama yako."

"Oya, Baba. Hapana."

"Nilikukosea. Nilikuambia kwa simu."

Alifuta macho kwa ile shuka. "Ndiyo maana nilisema wewe utaambiwa umekaa," akasema. "Umekula, na ndugu yako iko pembeni. Hata nikichelewa."

Alichelewa kweli, na sitawadanganya kwamba wiki tatu hazikuwa kitu. Muganga alisema uvimbe ulikuwa umeongezeka. Nilimkasirikia na bado nina mabaki ya hasira hiyo, hutokea siku za uchovu. Lakini dripu ya nne alikaa benchi la mbele. Ya tano alileta chai ya tangawizi kwenye chupa, akampa na mwalimu. Ya sita mwalimu hakuwepo, na hatukuuliza.

Vuli ilianza. Kola ilirudi kumi na sita, kisha kumi na tano na nusu, kisha ikapita ikawa kumi na nne na robo tatu, kwa sababu nilikuwa nimebaki mifupa. Nikapunguza kanzu zangu zote. Wakanipiga picha ya mwili mzima kwenye ile mashine ya duara, wakasema majibu yatakuja.

Yakaja Jumamosi, nikiwa nashona tundu la kifungo. Simu ikapiga. Nikaisoma ile mistari miwili: majibu yako yapo tayari, ingia uone. Esperance alisimamisha mashine yake.

"Fungua."

"Hapana."

"Fundi, wewe! Utakufa na presha, siyo na saratani."

Nikaiweka simu mfukoni, nikafunga duka upande wangu, nikapanda pikipiki mpaka Rebero. Zulfa alikuwa anaanika nguo za watoto. Aliponiona nimekuja bila kupiga simu, akashika kamba.

"Pika," nikamwambia. "Kuna kitu. Tutakula kwanza."

Alipika wali na maharage, hakuweka chumvi, tukala hivyohivyo. Sikuweza kumaliza, yeye pia. Halafu nikatoa simu, nikaingia, nikaandika Mwamini na namba ya nyumba, nikamkabidhi kabla haijafunguka.

"Baba, ni ya kwako."

"Ni ya kwangu. Na mimi ndiye nakwambia usome."

Akabonyeza. Mimi sikuangalia simu, nilimwangalia yeye. Ile mara ya kwanza alisoma peke yake, mahali nisipopajua, na sikuwahi kuuona uso wake. Sasa niliuona. Midomo ilisoma jina langu kwanza, kama alivyosema. Kisha ikateremka. Kisha ikarudi juu, ikasoma jina tena.

"Swedi ni wewe," akasema.

"Najua ni mimi. Soma."

"Wanasema hakuna. Baba, wanasema hawaoni kitu." Akaweka simu kwenye sinia, juu ya wali, akajifunika uso.

Jumatatu muganga alisema yaleyale kwa maneno marefu zaidi. Nitapimwa kila baada ya miezi mitatu, hakuna wa kuniahidi kitu. Nyusi zinarudi, zimekuja nyeupe. Vidole bado vina ganzi asubuhi, lakini uzi natunga mwenyewe. Mnaoniuliza mfungue au msifungue, jibu langu ni hili: toeni namba zenu wenyewe, jifunzeni kubonyeza hata mkipigwa makofi, angalieni na sehemu ya ujumbe. Na mchague mapema mtu wa kukaa naye mkisoma, mumwambie ni yeye. Msimwachie abahatishe.

Jana hakukuwa na wateja, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nikaingia kwenye akaunti, nikaenda kwenye hii ripoti ya mwisho, nikagusa lile jicho dogo. Mara ya kwanza ni Jumamosi ile, sisi wawili na wali usio na chumvi. Tangu hapo mpaka jana mimi sikuifungua tena, sikuwa na haja. Imefunguliwa mara ishirini na sita. Saa saba mchana. Saa moja na dakika tano asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri, karibu kila siku.

Esperance aliniuliza tena kama nimeshabadilisha neno la siri. Nilimwambia sijui pa kubonyeza.